Chupa Yenye Picha ya Jani

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa theluji nyingi imeanguka na kuyeyuka tangu hapo. Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati wengi wetu tulikuwa bado wageni katika jimbo hili. Nimekaa ndani ya gari kuukuu la Tantine Feza, tunatoka Saint Paul kwenda Blaine, kioo cha mbele kimeganda pembeni, naye hajasema neno tangu awashe gari. Tantine ndivyo sisi tuliotoka mashariki ya Kongo tunavyomwita shangazi. Yeye ni dada wa baba yangu, na si mtu wa kunyamaza. Akinyamaza, hata watoto wake huacha kugombania televisheni.

Nakuita mwanangu, na najua baadhi yenu mtacheka. Sina mvi. Wengine wenu nimewapita miaka michache tu, na nywele zangu nasuka mtindo uleule mnaosuka ninyi. Lakini mama zetu wa kanisa wameniomba niseme nanyi, na mtu akipewa kiti cha wazee akikalie kwa adabu, hata kama miguu haifiki chini. Nitasema polepole, kwa sababu nisipojizuia huwa naharakisha, narudia na kusahihisha kila sentensi. Ugonjwa huo ninao tangu utotoni, nao ndio ulionipeleka Blaine asubuhi ile.

Nianze mbali kidogo.

Tantine alikuwa akifanya kazi usiku katika ghala kubwa kule Shakopee, kupanga na kufunga maboksi. Alikuwa akirudi watoto wanaondoka kwenda shule, na akiondoka wanaporudi. Mkubwa wao, Neema, alianza kumjibu kwa Kiingereza kila akimsemesha Kiswahili, na Tantine alikuwa akiniambia kwamba anamwona mtoto wake kama mtu anayemwona jirani dirishani. Tamanio lake lilikuwa moja tu: apate kazi ya mchana, ili jioni awe mezani na watoto wake. Ndiyo maana tukaanza kampuni ya usafi. Naiita kampuni, lakini ilikuwa ni yeye, mimi, ndoo, na lile gari. Tulisafisha nyumba za watu wawili watatu, na kanisa moja ambalo tulikuwa tukiazima ukumbi wake wa chini kwa ibada zetu.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kampuni. Tantine hakuwa na Kiingereza cha kutosha kuzungumza na wateja, na mimi nilikijua, wala si kwa kusoma chuo. Nilijifundisha. Nilikuwa nakwenda maktaba, nasoma chochote, hata vibandiko vya sabuni dukani nilivisoma mpaka walinzi wakaanza kunifuata nyuma. Nilitaka nijue kila kitu na nisikosee chochote. Ukiona mtu wa namna hiyo, mwanangu, mhurumie. Anayeogopa sana kukosea huwa karibu sana na kudanganya, naye hajui.

Basi tukasikia habari za Mama Kendi. Huyu alikuwa muuguzi, Mkenya, mwenye nyumba mbili za kutunzia wazee kule Blaine. Nyumba za kawaida tu, mpya, zenye bustani ndogo, na ndani wazee wanne au watano wenye vyumba vyao. Alikuwa anatafuta watu wa kusafisha kila siku, mchana. Hiyo ilikuwa kazi ya kumtosha Tantine kuacha ghala. Tulikwenda kumwona. Alitukaribisha chai, akaniangalia mimi, akaliangalia gari letu kupitia dirishani, akaniuliza tuta-drive aje kila siku na hilo gari wakati wa theluji. Tantine akacheka, akasema gari hilo ni kama mkwe, linalalamika lakini linafika.

Mama Kendi alicheka pia. Kisha akaeleza shida yake. Familia za wale wazee zilikuwa zinadai kampuni ya kijani, ile inayotunza mazingira, isiyotumia sumu. "Hawa watu wako serious na hiyo maneno," aliniambia. "Mimi nikileta tu mtu na ndoo, wataniuliza maswali mpaka nichoke. Mkiwa kampuni ya kijani, kazi ni yenu."

Nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri. Nilisema ndiyo, sisi ni kampuni ya kijani.

Tantine aliniuliza garini yule mama alisema nini. Nilimwambia anataka tutumie sabuni laini na tupendeze. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupunguza chumvi katika maneno ya watu. Mazoea hujenga tabia, na ya kwangu ilikuwa imeshaanza kujengeka.

Sasa, kijani ni nini? Mimi, kwa kupenda kwangu kufanya kila jambo kikamilifu, niliamua kuuliza. Wiki nzima nilikuwa nauliza watu ni kampuni zipi wanaamini zinapenda mazingira, na wamejuaje. Niliuliza dukani, mtaa wa Cedar-Riverside, nikinunua unga. Niliuliza kanisani baada ya ibada, watu wakila. Ungesikia majibu, ungecheka. Mama mmoja alisema ni ile ambayo magari yake ni meupe na hayana matope. Kijana mmoja alisema ni ile yenye tangazo la dubu amekaa juu ya barafu, maana kampuni mbaya haiwezi kumpenda dubu. Mwingine alisema ni ile inayokutoza ukitaka mfuko. Na Baba Yosua, shemasi wetu, mtu wa maneno, akafuta mdomo na kusema, "Kampuni inayopenda mazingira ni ile inayokuuzia kwa bei kali. Ukilipa mpaka ukasikia uchungu, ujue miti imefurahi."

Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka.

Niliuliza pia wazungu wawili watatu tuliokuwa tunawasafishia. Majibu yao hayakuwa mbali na ya Baba Yosua, ila yalisemwa kwa sauti ya chini. Wanaangalia rangi ya chupa. Wanaangalia picha. Wanaangalia kama jina linasikika kama jina la msitu. Hakuna hata mmoja, mweusi wala mweupe, aliyeniambia amewahi kuuliza kampuni inafanya nini na uchafu wake, au ndani ya chupa mna nini. Siwalaumu. Mtu ametoka kazini, amechoka, amesimama dukani mbele ya chupa mia, anataka kufanya jema dogo kabla ya kwenda kupika. Anachukua yenye jani. Ni moyo mzuri unaomwongoza, ila moyo mzuri hauna macho ya kuona kupitia plastiki.

Mtu mwenye hekima angejifunza kutoka kwenye majibu yale kwamba wanunuzi wanahitaji kuambiwa ukweli. Mimi nilijifunza kwamba wanahitaji jani.

Nikanunua sabuni moja ya kampuni iliyosifiwa sana, chupa ya kijani kibichi, jani kubwa katikati, bei ya kumpendeza Baba Yosua. Nikachora jani kama lile, nikalichapisha maktaba, nikalibandika mlangoni pa gari na kwenye ndoo. Tantine aliliangalia akauliza la nini. Nikamwambia ni pambo, wateja wanapenda. Akasema, "Haya, hata punda huvishwa shanga siku ya harusi." Tukapata kazi.

Mwanangu, zile wiki za kwanza zilikuwa tamu. Tantine aliomba ghalani apunguziwe zamu, na jioni mbili tatu kwa wiki alikuwa nyumbani. Nilimkuta siku moja anamfundisha Neema kusonga ugali, wote wawili wana unga mpaka kwenye nyusi, Neema analalamika kwa Kiingereza na mama yake anamjibu kwa Kiswahili, na wanaelewana vizuri tu. Nikajiambia, ona, jani limefanya kazi.

Katika nyumba ya Blaine alikuwamo mzee mmoja aliyeitwa Arvid. Alikuwa mkulima maisha yake yote, mrefu, mapafu yake dhaifu, akipumua unasikia kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta. Mwende, msichana wa Kikenya aliyekuwa akiwahudumia wazee pale huku akisomea uuguzi, alikuwa amemzoesha aitikie jina la Mzee. Tukiingia na ndoo zetu mzee ndiye wa kwanza kusema habari, mama, na Tantine humjibu nzuri, baba, mifugo haijambo? Mwende anatafsiri, mzee anacheka mpaka akohoe. Binti yake, Karin, alikuja karibu kila siku. Mara ya kwanza kuona chupa yetu yenye jani aliishika kwa mikono miwili, akanishukuru. Hakuuliza kitu. Nami sikusema kitu.

Shida ilikuwa beseni la kuogea. Maji ya kule huacha mstari wa kahawia, na ile sabuni ya jani haikuutoa. Nilisugua mpaka vidole vikauma. Mstari ulibaki. Mwingine angesema ni mstari tu, lakini mimi nilikuwa nikilala nauona. Nilikuwa nawaza Mama Kendi ameuona, Karin ameuona, kesho wataleta kampuni nyingine na Tantine atarudi Shakopee kwa sababu ya mstari wa kahawia. Na sabuni ya jani ilikuwa imekwisha.

Sasa hapa nisikilize, maana kosa hili ni la kwetu sisi, mtu mwingine asingelifanya kirahisi hivi. Unajua majumbani mwetu. Ukifungua kopo la aiskrimu kwenye friji unakuta maharage. Kopo la siagi lina pilipili. Chupa ya maji ina mafuta ya mawese. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu mama wa nyumba anajua kila kitu kiko wapi, na asiyejua anauliza au ananusa. Kutupa chupa nzima ni dhambi. Basi mimi nilichukua ile chupa ya kijani, nikatia javeli, ile dawa kali ya kung'arisha ambayo wengine huiita blichi, nikaongeza maji, nikapuliza, na mstari ukatoka kama haujawahi kuwapo. Mkono wangu ulikuwa ni mkono wa nyumbani, unajaza chupa tupu kama ulivyofundishwa.

Lakini akili ilijua. Kwa sababu sikuandika juu yake. Na niliiacha pale chini ya sinki, jani likitazama nje, ili Karin akiingia alione. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliutengeneza mkakasi kwa mikono yangu.

Siku balaa lilipotokea sisi hatukuwapo. Mwende ndiye aliyesafisha beseni, mzee mmoja alikuwa amelichafua. Akachukua chupa yetu, akapuliza. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba siki ni rafiki wa mazingira na inasaidia, akamwagia siki juu yake. Wewe uliyesoma sayansi unajua kilichofuata. Javeli na siki havikai pamoja. Vikikutana vinatoa hewa inayokaba koo. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, na chumba cha Mzee Arvid kilikuwa kando yake. Walifungua madirisha yote katika baridi ile, wakamtoa nje amefungwa mablanketi, gari la wagonjwa likaja likamchukua. Alikaa hospitali siku kadhaa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Nakwambia mapema ili usisikilize kwa hofu, kwa maana mimi hofu yake nilishailipa.

Mama Kendi alipiga simu, Tantine akanipa mimi simu kama kawaida. Alieleza yote. Kisha akasema Mwende ndiye mwenye kosa, lazima alichanganya na kitu chake mwenyewe, maana sabuni ya kijani na siki haviwezi kuleta balaa lile. Alikuwa anamwachisha kazi. Jumamosi familia zote zitakutana, na alitaka tuje tuwahakikishie kwamba sabuni zetu ni salama. "Njooni mnisaidie," alisema. "Mwende analia tu, anasema hajui alifanya nini."

Mimi nilijua alifanya nini. Nilijua kabla hajamaliza sentensi.

Nilikata simu nikamwambia Tantine kwamba mzee ameugua na familia wanataka tueleze habari za sabuni. Nusu ya ukweli, mwanangu, ina miguu miwili kama uongo, na inakimbia vilevile. Siku zote zilizobaki sikula vizuri. Nilipanga hotuba ya Kiingereza, nikaipanga tena, nikaitafutia maneno laini. Ndani ya hotuba ile javeli haikuwamo. Mwende pia hakuwamo. Nilijiambia yeye ni kijana, anasoma, atapata kazi nyingine. Tantine ana watoto. Ukitaka kufanya ubaya, utaona jinsi sababu zinavyokuja zenyewe, zimevaa nguo za Jumapili.

Tunarudi sasa garini. Tulikuwa tumeshaupita mji, nyumba zinaanza kuachana, Tantine anaendesha taratibu kama kawaida yake. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Riziki, ile chupa ya jani uliitia nini?"

Niliangalia nje.

"Mimi nilipiga deki bafu lile juzi," akasema. "Sijui Kiingereza, lakini pua yangu nilikuja nayo kutoka Uvira."

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na la Mwende pia. Nilitarajia anipigie kelele, na kusema kweli ningependa anipigie kelele. Aliingiza gari kwenye maegesho ya duka moja, akazima injini, baridi ikaanza kuingia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kama yule msichana Mwende ana mama. Nikasema sijui. Akasema, kila mtu ana mama, na mama wa Mwende yuko Kenya anajua mtoto wake ana kazi nzuri.

Nikaanza kulia, nikamwambia nilifanya kwa ajili yake, ili asirudi ghalani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanipa leso aliyokuwa amejifunga kichwani, kichwa chake kikabaki wazi kwa baridi, akaniambia haya, nami nayaweka kama alivyoyasema:

"Najua ulifanya kwa ajili yangu. Lakini mimi nilikupa mdomo wangu, Riziki, sikukupa roho yangu. Leo nitasema kwa Kiswahili, na wewe utasema nilichosema. Usiongeze, usipunguze. Ukiniona naogopa, endelea kutafsiri."

Akawasha gari.

Sebuleni mwa nyumba ile walikuwa watu kama kumi, viti vimeletwa kutoka mezani. Mama Kendi amevaa suti. Karin amekaa karibu na dirisha, macho yamevimba. Mwende alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, koti amelivaa tayari, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Mama Kendi akatukaribisha, akawaeleza watu kwamba hawa ni kampuni yetu ya kijani, watatueleza.

Tantine akasimama. Akasema, "Mimi naitwa Feza. Mzee Arvid ni kama baba yangu, na nimekuja kuomba msamaha. Chupa yenye jani ilikuwa na javeli. Tuliitia sisi. Binti yule hakujua, na asingeweza kujua. Sisi si kampuni ya kijani. Ni watu wa kusafisha tu."

Nikafungua mdomo. Na unajua nilifanya nini, hata hapo, hata baada ya leso ile? Nilisema kwa Kiingereza kwamba tunasikitika sana, na kwamba kulikuwa na hitilafu ya vibandiko vya bidhaa.

Tantine akanigeukia. "Mbona sijasikia blichi?" akauliza. "Neno hilo nalijua. Liko kwenye galoni ninayonunua kila mwezi. Halimo katika ulichosema."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu watoto wake garini na kukuta mmoja hayupo. Nami nikageuka kwa watu wale, nikasema yote upya, neno kwa neno, na neno lile nililitaja la kwanza. Nikaongeza moja ambalo Tantine hakulisema: kwamba mkono ulioitia ulikuwa wangu. Nilimwona Mwende mlangoni akiweka mkono mdomoni, kisha akikaa chini sakafuni palepale, na koti lake.

Mwanamume mmoja alisema maneno makali juu yetu, na alikuwa na haki. Kisha Karin akazungumza, akaniangalia mimi. Alisema alipoiona chupa ile alifurahi, na kwa furaha ile hakuuliza kitu. Akasema baba yake alitumia blichi zizini miaka yote, hata yeye mwenyewe ameitumia. "Mngeniambia tu ni blichi," alisema. "Tungefungua dirisha, tungefunga mlango wake. Mimi sikuwa nataka rangi ya kijani. Nilikuwa nataka baba yangu apumue."

Nilimtafsiria Tantine maneno yale. Hapo ndipo alipolia, si kabla.

Kazi tuliipoteza. Mama Kendi hakuwa na namna, na alituambia hivyo nje, barazani, akiwa ameishika mikono ya Tantine. Baadaye alileta kampuni nyingine, yenye gari jipya na majani mengi kuliko letu. Sijui chupa zao zilikuwa na nini. Naomba aliuliza. Mwende alibaki kazini. Tantine alirudi Shakopee, zamu zote, msimu ule wa baridi na uliofuata, na Neema akazidi kumjibu kwa Kiingereza. Sitakudanganya kwamba ukweli ulitulipa. Ulitugharimu, na aliyelipa zaidi si mimi niliyekosea. Jambo hilo ndilo linalonifanya niseme nanyi leo badala ya kukaa kimya na aibu yangu. Kampuni ilianza tena polepole, na sasa ni watu kadhaa, wengine wenu mmefanya kazi nasi. Kila chupa ina jina la kilichomo, kwa maandishi mabaya ya Tantine, na mteja akiuliza kama sisi ni wa kijani tunamwambia: hiki ni laini, hiki ni kikali, hiki tunakitumia mkiwa mmetoka nje. Wengine hutuacha wakatafuta wenye jani. Wengine hukaa.

Sasa nasaha, mwanangu, ndiyo niliyoitiwa.

Ukinunua, usiache kupenda mazingira kwa sababu nimekuambia habari hii. Penda. Dunia hii ni ya Mungu na mto huu unaoupita ukienda kazini ni wa watoto wako. Lakini usipende picha. Kampuni inayokuambia sisi ni wazuri, iulize: mna nini ndani, na mnakipeleka wapi mkimaliza? Inayokujibu kwa kuona haya kidogo, ikataja na pale inapopungua, iamini kuliko ile isiyo na doa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinatembea kimevaa majani. Na swali lako liwe la Karin: nani atapumua hewa hii?

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiwape watu sura wanayoitaka kabla hujawauliza kwa nini wanaitaka. Mara nyingi shida yao ni ndogo kuliko uongo wako, na ungeitatua kwa kufungua dirisha.

Na wewe uliye kama mimi, unayelala unaona mstari wa kahawia, unayerudia kila neno, unayedhani ukionekana na doa moja utatupwa, nasema nawe kwa upole kwa sababu nakujua toka ndani. Mficha uchi hazai. Doa halijawahi kumuua mtu. Kilichokaribia kuua ni kulificha. Ukikosea, na utakosea, sema mapema, sema kwa jina lake, kabla mtu mwingine hajavaa koti mlangoni kwa ajili yako. Na ukipewa mdomo wa mtu asiyejua lugha, awe mama yako hospitali au babu yako ofisini, beba maneno yake kama unavyobeba mtoto mchanga. Usimpunguze ili wewe upendeze.

Basi Mungu akupe macho ya kuona kilichomo, na ulimi usiokitia jina jingine. Akupe kazi ya mchana na meza ya jioni, na watu wa kukaa nawe mezani. Siku utakayoanguka, asikunyime shangazi wa kukuketisha garini, akuulize kwa sauti ya chini, kisha awashe gari mwondoke pamoja. Amina.